Maonyesho ya bunduki Marekani: ununue kwenye meza yenye leseni, mkono kwa mkono, au kupitia duka?

Watu wetu walioko Texas, Kentucky, Ohio na Arizona hualikwa na wafanyakazi wenzao kwenda kwenye maonyesho ya bunduki, na wengi huenda na pesa mfukoni bila kujua kwamba ndani ya ukumbi ule ule, kwenye meza mbili zinazogusana, mnunuzi anakutana na sheria mbili. Kwenye meza ya kwanza ataombwa kitambulisho, atajaza fomu, na jina lake litapelekwa FBI kabla bunduki haijatoka mikononi mwa muuzaji. Kwenye meza ya pili muuzaji atahesabu noti, atampa mkono, basi. Na katika majimbo mengi biashara zote mbili ni halali.

Nalinganisha njia hizo hapa kwa ajili ya Mkenya, Mtanzania au Mkongomani anayeishi kule, awe anataka kununua au ana bunduki anayotaka kuiuza. Msimamo wangu nausema mapema: mhamiaji anunue pale penye uchunguzi. Kama muuzaji hana leseni, wapeleke bunduki pamoja kwenye duka lenye leseni na mauzo yapitie huko, hata kama sheria ya jimbo lao haiwalazimishi.

Mwangalie muuzaji, usiangalie ukumbi

Wengi hudhani maonyesho yana sheria yake ya peke yake, kwamba ukishaingia humo uchunguzi haupo. Sivyo. Sheria ya shirikisho ambayo Rais Lyndon Johnson aliitia saini Oktoba 1968 iliwataka wanaofanya biashara ya silaha wawe na leseni. Sheria ya Brady, iliyosainiwa na Rais Bill Clinton tarehe 30 Novemba 1993, ikawaongezea hao wenye leseni jukumu la kumchunguza mnunuzi. Imepewa jina la James Brady, msemaji wa Ikulu aliyepigwa risasi kichwani tarehe 30 Machi 1981, siku Rais Ronald Reagan aliponusurika kuuawa. Mtu asiyefanya biashara, anayeuza bunduki yake mwenyewe, sheria hizo hazikumwekea jukumu la kuchunguza. Hana jukumu hilo akiuzia sebuleni kwake, wala kwenye maegesho ya magari, wala akikodi meza ukumbini. Mwenye leseni naye hutembea na jukumu lake: akifungua meza kwenye maonyesho, lazima achunguze kama anavyofanya dukani.

Maonyesho yenyewe hufanyika kwenye viwanja vya kaunti au kumbi za mikutano, mara nyingi Jumamosi na Jumapili. Mlangoni polisi au walinzi huikagua kila bunduki inayoingia kama haina risasi, kisha huifunga utepe wa plastiki ili isiweze kufyatuka. Ndani kuna bunduki za kuwindia, bastola, visu, magwanda ya jeshi, mpaka nyama kavu ya kutafuna. Yale ya Wanenmacher mjini Tulsa, Oklahoma, yanajulikana kwa meza zinazohesabika kwa maelfu. Katikati ya msongamano utamwona mtu asiye hata na meza: anatembea na bunduki begani, na kwenye mdomo wa mtutu amechomeka kikaratasi chenye bei. Huyo ndiye muuzaji binafsi. Serikali ilipoyachunguza maonyesho haya na kutoa ripoti mwaka 1999, ilikadiria kwamba kati ya nusu na robo tatu ya wauzaji walikuwa na leseni.

Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya meza yoyote ni hili: una leseni ya shirikisho? Wenyewe huiita FFL. Mwenye nayo hatasita kukujibu.

Meza yenye leseni

Hapa kazi yote iko kwenye Fomu 4473. Ina maswali ya ndiyo na hapana, na kila jibu unalitolea saini ukijua kwamba uongo ni kosa kubwa la jinai. Inauliza kama wewe mwenyewe ndiye mnunuzi halisi. Inauliza kama umewahi kuhukumiwa kwa kosa kubwa, kama umewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mwenzi wako hata kama kosa lilihesabiwa dogo, kama kuna amri ya mahakama inayokuzuia kumsumbua au kumtishia mwenzi au mtoto, kama mahakama imewahi kuamua kwamba una tatizo la akili. Inauliza kama unatumia bangi. Hapo watu wa Colorado na majimbo mengine yaliyohalalisha bangi hujikwaa, kwa sababu kwa sheria ya shirikisho bangi bado ni haramu, na fomu yenyewe imeweka onyo juu ya jambo hilo. Kisha inauliza uraia wako na hali yako ya uhamiaji.

Asiyeweza kusoma au kuandika anaruhusiwa kujaziwa na mtu mwingine, ila mtu huyo asiwe muuzaji, na mashahidi wawili wasio muuzaji watie saini. Mzee wetu ambaye maandishi yanampa shida asikubali kusukumwa kutia saini asichokielewa eti kwa sababu foleni ni ndefu.

Fomu ikishakamilika, muuzaji hupiga simu au hutuma kwa kompyuta kwenye mfumo wa FBI uitwao NICS, ulioko Clarksburg, West Virginia, na unaofanya kazi tangu tarehe 30 Novemba 1998. Baadhi ya majimbo hupitisha maombi kwa polisi wao wenyewe. Mara nyingi jibu hutoka ndani ya dakika chache, nalo ni moja kati ya matatu: endelea, subiri, au hapana.

Jibu la "subiri" lina shimo ambalo kila mtu anapaswa kulijua. Zikipita siku 3 za kazi bila jibu la mwisho, sheria ya shirikisho inamruhusu muuzaji kutoa bunduki, japo haimlazimishi. Mwaka 2015 kijana mmoja alipata bastola kwa njia hiyo ingawa alistahili kukataliwa, na tarehe 17 Juni akawaua waumini 9 katika kanisa la Emanuel AME mjini Charleston, South Carolina, wakiwa katika darasa la Biblia. Kwa wanunuzi wa chini ya miaka 21, sheria iliyopitishwa Juni 2022 inaruhusu muda huo urefushwe hadi siku 10 za kazi, rekodi zao za utotoni zikiwa na jambo la kuchunguzwa.

Kuna wanaoikwepa meza hii wakiogopa kwamba serikali itawaweka kwenye daftari la wenye bunduki. Hofu hiyo naielewa, hasa kwa mtu aliyekimbia nchi ambako orodha za majina zilitumika kuua. Lakini uhalisia ni huu: rekodi ya mtu aliyeruhusiwa hufutwa kwenye mfumo wa NICS ndani ya saa 24, na sheria ya mwaka 1986 inaikataza serikali ya shirikisho kuunda daftari la wamiliki wa silaha. Fomu yako inabaki kwenye kabati la muuzaji. Kwa kawaida haifukuliwi mpaka namba ya bunduki hiyo itafutwe.

Mkono kwa mkono

Faida zake ni za kweli. Bei huwa chini kidogo, kodi ya mauzo haipo, na bunduki ya zamani ya mkusanyaji huwezi kuipata dukani. Unaondoka nayo saa hiyo hiyo.

Kwa aliyezoea Kenya au Tanzania, ambako raia hagusi bunduki bila kibali cha serikali, wepesi huu unatia hata mashaka: kweli inaruhusiwa? Kwa sheria ya shirikisho inaruhusiwa, kwa masharti machache. Muuzaji na mnunuzi wawe wakazi wa jimbo moja. Bunduki ikivuka mpaka wa jimbo lazima ipitie kwa mwenye leseni. Bastola asiuziwe aliye chini ya miaka 18. Na muuzaji asimuuzie mtu anayejua, au mwenye sababu ya kuamini, kwamba amekatazwa kumiliki silaha. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Asiyeuliza hajui, na sheria haikumlazimisha kuuliza. Wauzaji waungwana wa Texas huomba kuona kitambulisho cha jimbo au leseni ya kubeba silaha, na huandikiana hati ya mauziano. Wengine hawaombi chochote.

Madhara yake yana majina na tarehe. Mwishoni mwa 1998 wanafunzi wawili wa Colorado, ambao umri wao haukuwaruhusu kununua, walikwenda kwenye maonyesho ya Tanner wakiwa na rafiki yao wa kike wa miaka 18. Yeye ndiye aliyenunua bunduki tatu, zote kwa wauzaji binafsi, bila fomu wala uchunguzi. Tarehe 20 Aprili 1999 bunduki hizo zilitumika katika shule ya Columbine, wakauawa wanafunzi 12 na mwalimu mmoja. Msichana huyo baadaye aliwaeleza wabunge wa jimbo lake kwamba kama angetakiwa kutoa taarifa zake au kuchunguzwa, asingezinunua. Liangalie hilo kwa makini. Rekodi yake ilikuwa safi na pengine uchunguzi ungempitisha. Kilichokosekana ni ule muda wa kusimama mbele ya karatasi na kutia saini jina lako.

Tukio la pili ni la Texas. Mtu aliyekataliwa dukani mwaka 2014, baada ya uchunguzi kuonyesha amezuiwa, baadaye alipata bunduki kwa muuzaji binafsi. Tarehe 31 Agosti 2019 akaua watu 7 kati ya Midland na Odessa. Aliyemuuzia alikutwa na hatia ya kufanya biashara ya silaha bila leseni, akafungwa miaka 2.

Nisitie chumvi lakini. Wafungwa walioulizwa mwaka 2016 na ofisi ya takwimu za sheria ya serikali ya shirikisho ni chini ya asilimia 1 waliosema bunduki waliyokuwa nayo wakati wa kosa waliipata kwenye maonyesho. Wengi zaidi walitaja mtaani na soko la magendo. Anayekwambia maonyesho ndiyo chanzo kikuu cha silaha za wahalifu anakudanganya. Ila silaha za soko la magendo nazo zilianza mahali fulani zikiwa halali, na mauzo ya mkono kwa mkono ni mlango mmojawapo wa kutokea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba kati ya wamiliki waliopata bunduki katika miaka miwili iliyotangulia, asilimia 22 waliipata bila uchunguzi wowote.

Kwa mnunuzi mwenyewe hatari ya karibu zaidi ni bunduki ya wizi. Raia wa kawaida haruhusiwi kuingia kwenye orodha ya FBI ya silaha zilizoibiwa ili aangalie namba. Ukisimamishwa barabarani na polisi akaona namba iko kwenye orodha hiyo, bunduki inakwenda, pesa zimekwenda, na wewe ndiye unayeanza kueleza uliitoa wapi. Kama lazima ununue hivi, ombeni kituo cha polisi kiwaangalizie namba kabla ya kulipana, na muandikiane: jina, anwani, namba ya bunduki, tarehe, saini mbili.

Kupitia duka

Njia ya tatu haisemwi sana na ndiyo ninayoipenda zaidi kwa mauzo ya watu binafsi. Mmekubaliana bei na muuzaji asiye na leseni. Badala ya kumalizana pale pale, mnakwenda pamoja kwa mwenye leseni, na mkiwa kwenye maonyesho huyo yuko hatua chache tu. Anaiandika bunduki kwenye daftari lake kama iliyoingia, wewe unajaza 4473, anapiga NICS, jibu likiwa zuri anaiandika imetoka kwenda kwako. Ukikataliwa, bunduki inabaki ya mwenyewe na pesa zako ziko mfukoni. Ada hupangwa na duka. Kwa kawaida ni kati ya dola 20 na 50, na California sheria yenyewe imeweka kiwango.

Mnapoteza nini? Hiyo ada, na labda saa moja. Muuzaji akikataa njia hii huku wewe ndiye unayejitolea kulipa ada, achana naye. Mtu ambaye hataki namba ya bunduki yake ionekane na mwenye leseni amekwisha kukwambia jambo muhimu kuhusu bunduki hiyo.

Jimbo lako limeamua nini tayari

Kwa wengine uchaguzi huu haupo. California imelazimisha mauzo binafsi yapitie kwa mwenye leseni tangu 1991, na mnunuzi husubiri siku 10. Wapiga kura wa Colorado waliufunga mlango wa maonyesho Novemba 2000, takriban asilimia 70 wakikubali, na mwaka 2013 sheria ikapanuliwa kufika hata nje ya maonyesho. New York ilifanya hivyo 2013, jimbo la Washington 2014 kwa kura ya wananchi, Oregon 2015, New Mexico 2019. Minnesota, kwenye Wakenya na Wasomali wengi, tangu Agosti 2023 inataka uchunguzi au kibali kwa bastola na baadhi ya bunduki za mtindo wa kijeshi. Michigan ilifuata 2024. Maine mwaka huo huo iliyabana maonyesho na mauzo yanayotangazwa.

Texas, Kentucky, Ohio, Arizona, Georgia, Tennessee, Indiana na Missouri hazina sharti hilo. Ukilinganisha na ramani ya mahali jamii zetu zinapoishi, kuanzia Wakongomani wa Lexington na Louisville hadi Wakenya wa Dallas na Atlanta, utaona kwa nini suala hili ni letu. Huko uamuzi umeachwa mikononi mwako. Na usitegemee Washington kuamua kesho: mwaka 1999 Seneti ilipitisha uchunguzi kwenye maonyesho kwa kura 51 kwa 50, Makamu wa Rais Al Gore akivunja sare, ukafia Baraza la Wawakilishi. Aprili 2013, miezi minne baada ya mauaji ya watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook, mswada mwingine ulipata kura 54 dhidi ya 46 na kukwama kwa sababu ulihitaji 60.

Viza, grini kadi, na kosa lisilosameheka

Aliyeko Marekani kwa viza ya muda, yaani mwanafunzi wa F-1, mfanyakazi wa H-1B, au mgeni wa matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala kushika bunduki. Kuna vighairi vichache, maarufu kikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Asiye na makaratasi amekatazwa kabisa. Mwenye grini kadi anaruhusiwa kama raia, akiwa hana kizuizi kingine, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi hahesabiwi kuwa mwenye viza ya muda. Anayesubiri uamuzi wa hifadhi aonane na wakili wa uhamiaji kabla hajagusa chochote.

Kugusa kunahesabika. Mwanafunzi mmoja kutoka Falme za Kiarabu aliyeachishwa chuo Florida, na hivyo kupoteza hadhi ya viza yake, alikwenda kwenye uwanja wa kulengea shabaha, akakodi bastola na kununua risasi. Alishtakiwa na kuhukumiwa kifungo. Kesi yake, Rehaif dhidi ya Marekani, ilifika Mahakama ya Juu, ambayo Juni 2019 iliitengua hukumu kwa kuwa mahakama ya chini haikuitaka serikali ithibitishe kwamba alijua hadhi yake imebadilika. Alishinda hoja baada ya miaka mingapi ya maisha kupotea? Mwanafunzi wetu anayealikwa na rafiki kwenda kulenga shabaha Jumamosi akumbuke hilo.

Sasa linganisha njia zile tatu kwa jicho la asiye raia. Meza yenye leseni itakuuliza hali yako na kukuzuia kabla hujatenda kosa. Muuzaji binafsi hatakuuliza, kwa hiyo kosa utalitenda bila mtu wa kukushika mkono. Na sheria ya uhamiaji ni kali hapa: asiye raia akihukumiwa kwa kununua, kuuza au kumiliki silaha kinyume cha sheria anaweza kuondolewa nchini, hata awe ameishi na grini kadi miaka mingi na watoto wake wamezaliwa huko. Jirani yake Mmarekani atakwenda jela, atatoka, atarudi nyumbani. Yeye nyumbani hatarudi.

Na kwenye fomu, usithubutu kuandika wewe ni raia wa Marekani kama bado. Kudai uraia kwa uongo kunaweza kukufungia mlango wa uraia na wa ukaazi moja kwa moja. Andika nchi yako, weka namba yako ya uhamiaji, subiri.

"Ninunulie, nitakurudishia pesa"

Hapa ndipo desturi yetu ya kusaidiana inapogongana na sheria. Askari mmoja wa zamani wa Virginia alitumiwa na mjomba wake hundi ya dola 400, kwenye nafasi ya maelezo imeandikwa aina ya bastola, Glock 19. Alikuwa anapata punguzo la bei kwa kuwa aliwahi kuwa polisi, akaona amsaidie mjomba. Alinunua, akajaza fomu kwamba yeye ndiye mnunuzi halisi, kisha akaipeleka bastola kwa mjomba kupitia duka lenye leseni huko Pennsylvania, na mjomba akachunguzwa na kupita. Hakuna aliyekatazwa silaha katika hadithi hii nzima. Hata hivyo alipatikana na hatia, na Juni 2014 Mahakama ya Juu iliithibitisha hukumu hiyo kwa majaji 5 dhidi ya 4, katika kesi ya Abramski. Kosa lilikuwa lile jibu moja kwenye fomu.

Tangu Juni 2022 kumnunulia mtu aliyekatazwa ni kosa linalojitegemea katika sheria ya shirikisho, na kifungo chake hufika miaka 15. Zawadi ya kweli, kwa pesa zako mwenyewe, kwa mtu anayeruhusiwa, haina tatizo. Lakini shemeji akikutumia pesa kwa simu akisema "wewe una makaratasi, nichukulie moja kwenye maonyesho", jibu ni moja: aende mwenyewe.

Ukiwa wewe ndiye unayeuza

Tuseme uliinunua bastola dukani miaka mitano iliyopita na leo unataka kuiuza. Ukimuuzia mtu ukumbini bila karatasi, jina lililobaki duniani kwenye bunduki hiyo ni lako. Ikiokotwa kwenye tukio la uhalifu, polisi watatuma namba yake kwenye kituo cha ufuatiliaji cha ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, huko Martinsburg, West Virginia. Kwa kuwa daftari la wamiliki halipo, wafanyakazi hufuata nyayo kwa mikono: mtengenezaji, msambazaji, duka, fomu ya mnunuzi wa kwanza. Safari inaishia mlangoni kwako. Hujafanya kosa, labda, lakini utamweleza nini mpelelezi? "Nilimuuzia jamaa mmoja, alivaa kofia"?

Ukiuza kupitia duka, kuna fomu ya pili yenye jina la mtu wa pili, saini yake, na tarehe. Kwa dola 30 hivi, nyayo zinahama kutoka kwako. Sioni ada yenye thamani kubwa zaidi katika biashara hii yote.

Jambo lingine kwa wauzaji: wengi wetu kule tumezoea kununua magari mnadani, kuyatengeneza na kuyauza kwa faida. Usilete mazoea hayo kwenye bunduki. Sheria ya 2022 ilibadilisha kipimo cha nani anafanya biashara. Zamani ilitazamwa kama unajitafutia riziki na faida, sasa inatosha kwamba lengo lako kubwa ni faida. Kanuni ya ATF ya 2024 iliyotaka kulifafanua hilo ilipingwa mahakamani, Texas ikiwa mstari wa mbele, lakini sheria yenyewe ipo. Kuuza bunduki yako moja ya zamani ni jambo moja. Kununua tatu ili uziuze Jumamosi ijayo kunahitaji leseni.

Uchunguzi nao hauoni kila kitu

Anayetetea mkono kwa mkono atakwambia uchunguzi hauzuii wauaji, na ana mifano. Muuaji wa Virginia Tech, aliyeua watu 32 tarehe 16 Aprili 2007, alipita kwa sababu uamuzi wa mahakama juu ya afya yake ya akili haukufikishwa kwenye mfumo. Novemba 2017 huko Sutherland Springs, Texas, watu 26 waliuawa kanisani na mtu ambaye Jeshi la Anga lilisahau kuripoti hukumu yake. Mfumo unajua ulichoambiwa tu. Hoja hiyo naikubali, na ndiyo maana majimbo yanayomtaka mnunuzi awe na kibali kabla ya kununua yamekwenda mbali zaidi ya simu ya dakika tatu. Ila sioni jinsi makosa ya kuripoti yanavyokuwa sababu ya kutopiga simu kabisa.

Ukisubirishwa au ukikataliwa

Majina yanayofanana ni sababu ya kawaida ya jibu la "subiri", na sisi tuna akina Juma Ali na Mohamed Hassan wengi. Kwenye fomu kuna nafasi ya namba ya hifadhi ya jamii ambayo si lazima kuijaza. Ijaze, inapunguza kuchanganywa na mtu mwingine. Ukikataliwa na unaamini wamekosea, usiende kujaribu meza isiyochunguza, kwa sababu kama kizuizi ni cha kweli kumiliki kwenyewe ni kosa, na sasa umekwisha kujulishwa. Omba namba ya muamala kwa muuzaji, kata rufaa kwa FBI, na wao wanapaswa kukueleza sababu. Rufaa ikikubaliwa, au kama husubirishwa kila mara bure, unaweza kuomba taarifa zako zihifadhiwe kwenye jalada lao la hiari. Utapewa namba yako ya pekee, wenyewe huiita UPIN, unayoiandika kwenye Fomu 4473 kila unaponunua tena.